Vipimo vya Damu Kabla ya Vipimo vya Nguo



Msimu wa harusi unapokaribia, sisi tunaoshona nguo za maharusi huwa miongoni mwa watu wa mwanzo kujua. Bi harusi huja na mama yake au shangazi yake, anachagua kitambaa, nasi tunachukua vipimo: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Siku hiyo posa imeshajibiwa, mahari yameshatajwa, ukumbi umeshalipiwa na sare za ndugu zimeshachaguliwa. Aliyeshika hina kapangiwa siku yake, na somo naye kapangiwa zake. Kila kitu kimepimwa na kupangwa, isipokuwa damu ya hao wawili wanaokwenda kuoana.

Leo tunataka kuzungumzia kipimo hicho. Tunasema wazi: mwanamume na mwanamke wanaotaka kuoana wapime selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli, kabla ya posa kujibiwa. Wanaoweza kuifanya iwe ada ya visiwa vyetu ni sisi wanawake tunaoizunguka harusi, kwa sababu ada zote za harusi zimo mikononi mwetu.

Sikoseli ni ugonjwa wa kurithi. Hauambukizi kwa kula pamoja, kulala kitanda kimoja wala kunyonyesha. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara na laini, hujikunja mfano wa mundu, zikakauka na kunasa katika mishipa midogo. Hapo ndipo panapotoka maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Chembe hizo pia hufa mapema, na mtoto anabaki na upungufu wa damu na macho ya manjano.

Tanzania imo katika nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na idadi inayotajwa sana na wataalamu ni watoto wapatao 11,000 kwa mwaka. Na sisi wa mwambao na visiwani si watu wa pembeni katika habari hii. Mtu aliyerithi upande mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa sababu hiyo urithi huu umeenea pale malaria ilipokaa kwa karne nyingi. Jamaa zetu wa Oman na nchi nyengine za Ghuba nao wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kila mtu hupokea fungu moja kutoka kwa baba na jengine kutoka kwa mama. Akipata mawili mazima, yeye ni AA. Akipata moja zima na moja la sikoseli, yeye ni AS, yaani mbebaji. Mbebaji kwa kawaida si mgonjwa: anafanya kazi, anafunga, anazaa, na pengine anafika uzee bila ya kujua. Akipata mawili ya sikoseli, huyo ni SS, na huyo ndiye mgonjwa.

AS akioana na AA, hawatazaa mtoto wa SS. Wakioana AS wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, nafasi 2 kati ya 4 ya mtoto mbebaji, na nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto AA. Zingatieni neno "kila mimba". Haina maana kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu huanza upya kila mara, na zipo nyumba zenye watoto wawili au watatu wagonjwa.

Mkienda kupima, kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, herufi hizi si kundi la damu. Mtu anaweza kuwa na kundi A, B, AB au O na bado akawa AS. Karatasi ya kundi la damu uliyopewa kliniki au ulipochangia damu haijibu suala hili. La pili, kipo kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kwamba sikoseli ipo, bila ya kutenganisha mbebaji na mgonjwa. Ombeni kipimo kinachosema wazi kama mtu ni AA, AS au SS, na muulizeni daktari pia kuhusu talasemia, kwa sababu ikikutana na sikoseli mtoto naye huugua. La tatu, mtu aliyeongezewa damu karibuni amwambie daktari, maana damu ya mwenziwe inaweza kupotosha majibu.

Na wapime wote wawili. Tumeona ada ya kumchunguza bibi peke yake, kana kwamba mtoto hurithi upande mmoja. Mtoto wa SS amepokea fungu kwa mama na fungu kwa baba, sawasawa. Ingawa ni hivyo, mtoto akianza kuugua utasikia watu wanasema mke kaja na nuksi, au kwao kuna maradhi. Wapo wanawake waliorudishwa kwao na watoto wao wagonjwa mgongoni, huku mume akioa kwengine bila ya kujua kwamba na yeye ni mbebaji. Kipimo cha pamoja kingemwondolea mwanamke huyu mzigo wa lawama ambao haukuwa wake peke yake.

Tunajua maneno yanayosemwa kupinga. Wapo wanaosema kupima ni kukosa tawakkul, kwani mtoto ni riziki na Mungu ndiye mpangaji. Ni kweli Mungu ndiye mpangaji. Lakini Mtume (S.A.W.) alipomkuta mtu amemwacha ngamia wake bila ya kumfunga, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Kupima ni kumfunga ngamia. Saudi Arabia, ambako tunakwenda kuhiji, imeweka kipimo cha sikoseli na talasemia kuwa sharti kwa wanaotaka kufunga ndoa tangu 2004. Majibu hayawazuii watu kuoana. Wanapewa ushauri, kisha uamuzi unabaki kuwa wao.

Wengine wanasema kupima ni kumtafutia mtoto wa kike aibu: akionekana AS hataolewa. Hofu hii tunaielewa, na dawa yake ni siri na wakati. Majibu ni ya hao wawili na wazee wao. Hayasomwi kwenye mchezo wala hayapelekwi barazani. Na yakipatikana mapema, kabla ya jirani kujua kwamba kuna posa, hakuna la kusemwa na hakuna wa kuaibika. Aibu huingia pale kadi zimeshagawiwa, maana hapo hata mwenye kutaka kurudi nyuma anaogopa. Gauni likibana wiki ya harusi sisi tunafumua mshono na kuongeza. Damu haina mshono wa kufumua.

Kuna pia ndoa za watoto wa ami na wa khalati. Dini imeziruhusu, na sisi hatuna la kuongeza hapo. Tunasema tu kwamba watu wa damu moja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba urithi mmoja, kwa hiyo wao wana haja zaidi ya kupima.

Basi je, wakitoka AS wote wawili? Hapo sisi mafundi cherehani hatuna fatwa. Wakae na daktari, wakae na shekhe wanayemwamini, waswali istikhara, waamue wakiwa wameujua ukweli. Wapo watakaoachana kwa wema kabla ya mambo kwenda mbali, na wapo watakaooana wakijua kwamba kila mtoto atapimwa mapema. Njia zote mbili zina heshima. Asiye na njia ni yule anayeambiwa habari hii kwa mara ya kwanza wodini, mtoto wake anapolia kwa maumivu.

Kwa dada zetu mlioolewa tayari, bado hamjachelewa. Mtoto wa SS mara nyingi haonyeshi dalili miezi ya mwanzo. Zinaanza kujitokeza akikaribia au kupita miezi 6: viganja na nyayo kuvimba, kulia akiguswa, macho ya manjano, weupe wa viganja na midomo, homa za mara kwa mara. Akiwa na homa kali, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, akipumua kwa shida au upande mmoja wa mwili ukilegea, mpelekeni spitali saa hiyo hiyo. Kisomo na dua vina mahali pake, na vinaweza kusomwa njiani. Watoto wengi wasiopata tiba hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Wakigunduliwa mapema wakapewa kinga ya penisilini, foliki asidi, chanjo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea kwa wale ambao daktari ameona inawafaa, wengi wanakua, wanasoma na wanaolewa.

Sasa tuje kwenye kazi, kwa sababu maneno matupu hayasaidii.

Kwanza, sisi wenye shughuli za harusi tuanze kuuliza. Mshonaji, mpambaji, mchora hina, muuza singo na vikuba, na hasa somo. Somo anazungumza na mwari mambo ambayo hata mama hayasemi. Basi pale anapofunza usafi na mapenzi, aongeze na hili, na asingoje ndani ya siku za harusi. Alianze kwa wasichana waliofikia rika. Swali ni jepesi: "Mmeshapima?" Lisiulizwe mbele za watu.

Pili, tutumie mikusanyiko tuliyonayo. Mchezo wetu, kikoba, darsa la wanawake baada ya alasiri. Mwendeeni sheha wenu, mumwombe awaunganishe na kituo cha afya aje muuguzi siku moja. Katika shehia zetu wapo wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wajawazito na watoto. Wafungulieni milango, waulizeni, na mwenye nafasi miongoni mwenu aulize namna ya kujiunga nao. Ni kazi inayomfaa mwanamke anayejua mlango wa kila jirani.

Tatu, damu. Mtoto wa sikoseli anaweza kuhitaji kuongezewa damu mara nyingi, na mzazi aliyetokwa na damu nyingi anaihitaji saa hiyo. Damu haitengenezwi kiwandani. Mwanamke mwenye afya, mwenye umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50, ambaye si mjamzito wala hanyonyeshi, anaweza kuchangia kila baada ya miezi 4, na mwanamume kila baada ya miezi 3. Damu inayotolewa ni kiasi cha mililita 450, na kabla ya kupewa mgonjwa hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende. Ramadhani watu wengi hawachangii kwa sababu ya funga, lakini wagonjwa wapo vile vile. Tunapendekeza kila kikundi cha wanawake kitenge siku moja ya Shaaban, kiwaalike watu wa damu salama, na wanawake waje na waume na kaka zao. Tunachangiana vyombo, sare na pilau. Na hili nalo ni mchango.

Nne, kwa wenzetu wa cherehani. Baridi ni moja ya vitu vinavyomwanzishia mgonjwa wa sikoseli maumivu, pamoja na kukosa maji ya kutosha. Tarehe 19 Juni ni Siku ya Selimundu Duniani, na huangukia kipupwe, wakati pepo za kusini zinavuma na usiku unakuwa wa baridi. Vitambaa vizito vinavyobaki kwenye kazi zetu tusivitupe. Tushone fulana za ndani, soksi na vishuka vya kujifunikia, tuvipeleke wodi ya watoto kwa ruhusa ya uongozi. Cherehani kumi zikikaa pamoja siku moja, kazi yake itaonekana.

Dada yetu unayesoma haya ukiwa na barua ya posa mezani, usione haya kusema. Mwambie mama, au mwambie khalati kama mama unamwogopa: "Kabla hatujajibu, mimi na yeye twende tukapime." Mwanamume mwenye nia njema atakwenda. Ukishapata majibu na mambo yakakamilika, njoo na kitambaa chako, sisi tupo na futi tumeshika.

Allah awape masikitiko mepesi wazazi wanaouguza, awape shifaa watoto wao, na azijaalie ndoa zetu kuwa za utulivu na huruma. Amin.