MAONGEZI NA BWANA SHAMBA: Mbegu ya Pesa



Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kununua vipuri vya pampu ya kunyunyizia dawa. Nilifuatana na mkulima mmoja wa kijiji chetu. Alikuwa ameuza ufuta wake, na mfukoni alikuwa na shilingi 860,000. Pesa hizo zilikuwa na kazi yake. Alitaka kununua bati za kuezekea nyumba, na sare za shule za binti yake.

Tulikwenda Kariakoo. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo kubwa la soko lilifunguliwa mwaka 1975, na liliungua moto Julai 2021. Lakini mitaa inayolizunguka haikosi watu. Utapata bati, vitambaa, vyombo, mbegu, kila kitu. Utapata pia wajanja. Wengine watakuuzia simu mpya, nawe ukifungua boksi nyumbani unakuta kipande cha sabuni.

Mimi niliingia dukani kutafuta vipuri. Nilipotoka, mwenzangu hayupo. Nilimtafuta Mtaa wa Msimbazi mpaka nikachoka. Mwisho nikamwona akishuka ngazi za ghorofa moja, ameshika karatasi, anacheka.

"Bwana Shamba," akasema, "leo nimepata bahati!"

Alikuwa amekutana na vijana waliovaa tai. Walimwambia atoe shilingi 100,000, alete na watu 3, na baada ya siku 30 atapewa 300,000. Tayari alikuwa amelipa 20,000 ya fomu. Sasa alikuwa anatafuta mahali pa faragha ili atoe zile laki zilizobaki. Alitaka kuweka laki tano.

Tulipanda ngazi pamoja. Nikawauliza wale vijana, "Mnafanya biashara gani?"

Mmoja akajibu, "Mzee, sisi tunauza fursa."

Nikauliza iko wapi leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Akasema leseni iko makao makuu. Makao makuu yako wapi? Akasema tutaelezwa tukishajiunga.

Sikugombana nao. Nilimchukua mwenzangu tukaenda kula kwa mama ntilie. Mwenzangu huyu alijifunza kusoma na kuhesabu ukubwani, na hesabu anaipenda sana. Nikampa kalamu na kipande cha karatasi. Nikamwambia, "Wewe utapewa laki tatu. Hawa hawana shamba, hawana kiwanda. Zitatoka wapi?"

Akafikiri. "Kwa wale watatu nitakaowaleta."

"Na hao watatu watalipwa na nani?"

Akaandika: 3, halafu 9, halafu 27, 81, 243. Aliendelea mpaka wali ukapoa. Hatua ya 10 alipata watu 59,049. Hatua ya 16 alipata watu 43,046,721. Hatua ya 17 inazidi milioni 129. Nami nikamkumbusha kwamba sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga.

Akaweka kalamu chini. "Sasa huyu wa mwisho atamleta nani?"

Jambo hili si geni, ndugu msomaji. Labda unaikumbuka DECI. Ilianza mwaka 2007, na makao yake yalikuwa Mabibo, Dar es Salaam. Wao walitumia maneno yetu sisi wakulima. Kutoa pesa waliita kupanda mbegu. Kupokea waliita kuvuna. Watu wa kwanza walivuna kweli, na hao ndio waliowaita ndugu na majirani. Wapo waliouza mali zao ili wapande. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati, na viongozi wakashtakiwa katika Mahakama ya Kisutu. Mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani, kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za watu bila leseni. Waliochelewa kupanda walikuwa wamekwisha lia.

Mimi nimesomea kilimo, basi nitasema kwa kilimo. Punje ya mahindi inazaa kwa sababu ina udongo, maji na jua, na wewe unapalilia. Noti iliyo ndani ya droo ya mtu haina udongo. Kule hakuna aliyevuna. Watu walikuwa wanakula mbegu za wenzao.

Mama ntilie alikuwa anatusikiliza. Akasema, "Baba, msiutukane upatu. Huu wa kwetu ndio umenisomeshea watoto." Nikamwomba aeleze. Wao wako akina mama 10, wote wa mtaa mmoja. Kila siku kila mmoja anatoa shilingi 5,000, jumla 50,000. Leo anachukua huyu, kesho yule. Kwa siku 10 kila mmoja ametoa 50,000 na amepokea 50,000. Hakuna anayeahidiwa faida, na wote wanajuana kwa sura na kwa nyumba. Upatu huo ni kuwekeana akiba tu. Jina ni moja na lile la Kisutu, lakini hesabu ni nyingine kabisa.

Wajanja wengine hawakungoji Kariakoo. Wanakufuata kijijini kwa simu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Usitume. Piga kwanza simu kwa mtu unayemdai au anayekudai, kwa namba yake unayoijua. Ule ujumbe pamoja na namba ya tapeli upeleke kwa TCRA, namba 15040.

Basi tulikwenda kununua bati. Duka la kwanza walitaka 29,000 kwa bati moja. La tatu walikubali 27,000. Kwa bati 20 mwenzangu aliokoa shilingi 40,000 kwa kutembea nusu saa. Bati zilichukua 540,000. Sare, madaftari na nauli ya mizigo 120,000. Zilibaki 180,000, naye ameziweka kwenye kikoba cha kijiji kungoja msimu wa mbegu.

Zile 20,000 za fomu alirudi kuzidai. Wakamwambia fomu hairudishwi. Ameibandika ukutani karibu na mlango, na watoto wanaitumia kujifunza kusoma.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani.