Usifute Mwandiko wa Dijei

Mwaka jana niliuza santuri kwa Sh2,500 na nikajiona mjanja. Nilikuwa nimeinunua kwa Sh300 Kenyatta Market, katikati ya wasusi wa nywele na moshi wa nyama choma, na wiki hiyo nilikuwa nimepungukiwa na Sh2,000 za kodi ya nyumba. Ilikuwa singo ya inchi 12: "Yéké Yéké" ya Mory Kanté, rimiksi ya Hardfloor, wale Wajerumani wawili wa Düsseldorf.

Mnunuzi alikuwa ng'ambo. Aliniuliza swali moja tu: jalada ni safi? Halikuwa safi. Kulikuwa na stika ya klabu moja ya katikati ya jiji, iliyofungwa kabla mimi sijajua kuvuka barabara peke yangu. Chini ya stika, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika idadi ya mapigo kwa dakika, kisha maneno haya: "Baada ya saa nane. Wakikaa chini, rudia."

Nilikopa draya ya jirani, nikapasha ile stika mpaka gundi ikalegea. Nikachukua kifutio. Dakika ishirini baadaye jalada lilikuwa safi kama CV ya mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Nikapiga picha, nikatuma, nikalipwa, nikamlipa landilodi.

Sijawahi kufanya jambo la kijinga zaidi na santuri, na nimewahi kusahau moja kwenye dashibodi ya matatu, jua la saa saba. Kwa hivyo wasee, tuongee. Nina ugomvi na sisi wakusanyaji wa santuri wa Nairobi, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi.

Shtaka lenyewe ni hili: tumejifunza kukusanya kwa macho ya mtu mwingine. Tunaingia Discogs, tunasoma madaraja, tunayakariri kama watoto wa enzi za KCPE. Mwandiko unashusha daraja. Stika inashusha daraja. Jina la mwenyewe juu ya jalada linashusha daraja. Sawa, kwa mtu aliye Berlin hiyo ni hesabu yenye akili, kwa sababu anatafuta nakala iliyokaribia kutoka kiwandani. Lakini fikiria. Nakala zote zilitoka kiwandani zikifanana. Kitu pekee kilichoitofautisha ile yangu na mamia ya dada zake ni kwamba iliishi hapa, mkononi mwa mtu aliyejua watu wa jiji hili huchoka saa ngapi. Na hicho ndicho nilichofuta.

Rimiksi haikuzaliwa iwe pambo. Katikati ya miaka ya 1970 huko New York, Tom Moulton alienda kwa fundi José Rodriguez ili akatiwe sahani ya majaribio. Sahani za inchi 7 zilikuwa zimeisha. Rodriguez akachukua ya inchi 10, na Moulton alipoona wimbo umejikunyata kwenye kipande kidogo cha sahani kubwa, akamwambia autandaze. Mifereji ilipopata nafasi, sauti ikaweza kupandishwa na besi ikapata mahali pa kupumua. Haikuchukua muda, wakafika inchi 12. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikatoa "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure. Dijei Walter Gibbons alikuwa amechukua wimbo wa dakika chache akauvuta hadi tisa na ushee, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa singo ya kwanza ya inchi 12 kuuzwa madukani kwa kila mtu. Na kabla yao, kule Kingston, King Tubby alikuwa tayari anavua nyimbo nguo: anatoa sauti ya mwimbaji, anaacha ngoma na besi, na upande wa pili wa santuri unakuwa wa wachezaji.

Ukiangalia historia hiyo yote, huoni mtu aliyewaza kabati la kioo. Unaona watu waliotaka wimbo usikatike kabla jasho halijatoka. Singo ya inchi 12 ni chombo cha kazi, kama karai la mama chapo. Karai ambalo halijawahi kuona moto si karai la thamani. Ni karai ambalo halijapika.

Ndiyo maana wale wanaonunua rimiksi na kuziacha kwenye plastiki, eti bei itapanda, wananikera. Na wananikera zaidi wenye mikahawa ya Kilimani wanaozipigilia ukutani juu ya mashine ya kahawa, huku spika zinacheza orodha ya simu. Kama unataka kitu cha duara ukutani, nunua saa.

Halafu kuna kambi ya pili, wazee wangu wa albamu. Hawa nawaheshimu, maana ndio waliotunza santuri wakati kila mtu alikuwa akizitupa. Lakini mmoja aliniona nikichakura kreti ya singo akaniambia, "Kijana, rimiksi ni makombo. Tafuta wimbo wenyewe." Sikumjibu siku hiyo kwa sababu ya umri wake. Nitamjibu leo, kwa adabu.

Mzee, chukua singo yoyote ya inchi 7 ya benga au rumba kutoka enzi za River Road. Mara nyingi utakuta wimbo mmoja umekatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Sehemu ya kwanza ina maneno, mapenzi na majina ya marafiki waliolipia kutajwa. Ugeuze sasa. Maneno yanapungua, magitaa yanashika kasi, besi inakimbia, na kama kuna mtu alikuwa bado ameketi, anasimama. Sisemi hiyo ni rimiksi. Hakuna aliyekata tepu. Nasema masikio yaliyoitaka ni yale yale. Wewe mwenyewe, mzee, ulipokuwa kijana uligeuza santuri ili ucheze. Ulijua kwamba wimbo una uso wa kusikilizwa na uso wa kuchezwa. Usituambie leo kwamba huo wa pili ni makombo.

Najua pingamizi zito zaidi, na halitoki kwa wazee. Ni hili: rimiksi nyingi ni wizi wenye adabu. Mory Kanté alikuwa mtoto wa ukoo wa wagrio wa Guinea, mtu wa kora. "Yéké Yéké" ilitoka mwaka 1987, ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Hardfloor walipoigusa mwaka 1994, walichukua sauti yake wakaizungushia Roland TB-303, kile kimashine kilichotengenezwa kuigiza gitaa la besi kikashindwa, kisha kikaokotwa na vijana wa asidi hausi. Katika rimiksi hiyo mgrio amekuwa kiungo, na mchuzi ni wao. Na tusisahau Manu Dibango: "Soul Makossa" ya mwaka 1972 ilichezwa na David Mancuso pale The Loft, New York, ikawaka, na miaka ikapita Dibango akiwafuata mawakili kwa sababu ya maneno yake kutumiwa na Michael Jackson.

Nakubali yote hayo. Lakini angalia ni wapi ushahidi upo. Umechapishwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri: nani alitunga, nani aliimba, nani aligusa upya, nani aliichapisha, mwaka gani. Kwenye simu unapewa picha ndogo na jina moja au mawili. Anayetaka kujua nani alikula na nani aliliwa ashike singo mkononi asome. Kukusanya, kukifanywa vizuri, ni kuweka risiti.

Na risiti zetu ziko wapi? Uliza mtu aliyezaliwa miaka ya 1970 kuhusu Florida 2000 au Bubbles, utaona macho yake yanang'aa. Atakusimulia viatu, mapigano, teksi ya kurudi nyumbani. Muulize ni nyimbo gani zilifuatana saa tisa usiku, ataishia kucheka. Usiku wa jiji hili haukuandikiwa kitabu. Madijei waliouendesha hawakuitwa wasanii, waliitwa vijana wa muziki, wakalipwa kwa usiku, na wengine hawakulipwa. Walichoacha kwa maandishi ni hizo penseli kwenye majalada. Ndiyo kumbukumbu yetu ya taifa ya kucheza, na inauzwa Sh300 ikiwa na vumbi, au Sh2,500 ikiwa imefutwa.

Utaniambia huu ni mchezo wa wenye pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kicheza santuri changu mguu mmoja umeegemea kitabu cha takwimu ambacho sikumaliza. Santuri mpya kutoka nje sizigusi, bei zake ni za watu wengine. Lakini kreti ya chini kabisa, ile ya singo zilizoandikwaandikwa ambazo wakubwa wanaziruka, hiyo ni yetu. Tunaiweza. Ndiyo maana uchungu wangu ni kwetu sisi, si kwa matajiri.

Kwa hivyo naomba machache. Kabla hujasafisha jalada, lipige picha. Muulize mwenye kibanda kreti ilitoka kwa nani, kisha uandike jibu. Ukilazimika kuuza, maana kodi ni kodi, uza na mwandiko wake, na anayetaka jeupe atafute kwingine. Na uicheze. Mikwaruzo yako ni sehemu ya hadithi pia.

Nilimwandikia yule mnunuzi nikamweleza nilichofanya. Alijibu kwa upole kwamba jalada linapendeza. Nimejaribu kukumbuka ile idadi ya mapigo aliyoiandika dijei, na siikumbuki.

Lakini mwezi uliopita, kibanda kile kile, nilipata singo nyingine. Jalada limeraruka, upande mmoja hauchezeki. Mwandiko ni ule ule: herufi zimelalia kulia, mkia wa "a" umevutwa mbali. Ameandika, "Ya mwisho. Washa taa polepole." Ninayo hapa mezani. Kama mwandiko huo ni wako, au wa babako, au wa mjomba ambaye hakuwahi kueleza alikuwa akifanya kazi gani usiku, nitafute. Sitaki kuuza. Nataka kuulizia ni wimbo gani uliutangulia.