Zawadi ya Gari Bila Spea Haijakamilika



Siku hizi si ajabu tena hapa Unguja kumuona bi harusi anapewa gari, ama na mume ama na wazazi wake. Mara nyingi ni Vitz, Passo au IST iliyotumika Japan. MashaAllah, Allah awatilie baraka. Lakini nina neno, na najua wapo ambao halitawapendeza. Gari linafungwa utepe, linavishwa viti, linatiwa manukato, tasbihi inaning'inizwa kwenye kioo, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyefungua buti kutazama kama mna tairi la spea. Mimi naona zawadi hiyo haijakamilika.

Nikilisema hili jibu huwa ni moja: "Si nitampigia bwana." Haya, mpigie. Yeye yuko kazini mjini, wewe uko njia ya Makunduchi umetoka kumzuru bibi, adhana ya magharibi inakaribia na simu imebaki chaji kidogo. Akiacha kazi yake hapo hapo akapanda gari, bado utamsubiri saa nzima. Na akifika bila ya jeki je?

Wengine husema watu wetu ni wema, watasimama. Ni kweli, shamba watu husimama, na Allah awalipe. Ila kuna tofauti kubwa baina ya kusaidiwa na mpita njia hali vifaa unavyo, dakika ishirini umeshaondoka, na kukaa gizani na mwanamme usiyemjua huku mwenzake ameondoka na pikipiki kwenda kuazima jeki. Tunazungumza sana juu ya sitara ya mwanamke, na tunaishia kwenye ushungi na urefu wa buibui. Kwangu mimi jeki ndani ya buti nayo imo katika sitara.

Na tawakkul je? Sote tunakijua kisa cha yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W) kama amwache ngamia wake bila kumfunga amtegemee Allah, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ndiyo ategemee. Dua ya safari tunaisoma, alhamdulillah. Ngamia wetu wa leo ana magurudumu manne, na kamba yake ni lile la tano.

Kwa hiyo fungua buti, nyanyua zulia. Unaweza kukuta gurudumu kamili, sawa na yale manne. Hilo ndilo bora. Unaweza kukuta jembamba, ambalo ni la dharura tu: halikimbizwi zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na upepo wake kwa kawaida ni psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Ukilitia upepo wa kawaida halitakubeba vizuri. Au utakuta hamna gurudumu kabisa, mna chupa ya dawa na pampu ndogo. Dawa ile huziba tundu la msumari, lakini tairi lililochanika ubavuni haiwezi. Na njia zetu za ndani, zile za mawe ya matumbawe za kuendea vijiji vya pwani, huchana ubavu hasa. Mwenye chupa tu ningemshauri anunue gurudumu, na ahakikishe rimu yake inakaa kwenye gari lake, idadi ya nati na nafasi zake ziwe sawasawa.

Tazama pia umri wa tairi. Ubavuni mna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ikiandikwa 2312, basi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Spea huwa na meno mazuri kwa kuwa halijatembea, lakini mpira umeshakauka. Usidanganywe na sura.

Vifaa vyenyewe si vingi. Jeki, spana ya nati na mpini wake, tochi, glavu, alama ya pembetatu ya kuweka nyuma ya gari. Mimi nazidisha vitu viwili ambavyo havimo kwenye kitabu cha gari: kipande cha ubao mnene, kwa sababu jeki kwenye mchanga wa Paje au Jambiani huzama tu, na bomba la chuma la kuongezea urefu wa spana. Mafundi hukaza nati kwa mashine ya upepo, na mkono wa mwanamke, hata wa mwanamme, hauzilegezi bila ya bomba.

Somo humfundisha bi harusi mambo mengi katika siku zile za ndani, lakini hili halimo, basi nalisema hapa. Egesha pahala pagumu na tambarare, mbali na kona. Vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili. Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo unyanyue, na jeki ikae pale penye alama chini ya ubavu, si popote. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari. Wakati wa kukaza, kaza kwa kukatisha kama tunavyobana kitambaa kwa pini, huku kisha upande wa pili, halafu kaza tena likishashuka. Mwenye mimba asinyanyue gurudumu. Vifaa viwepo, anyanyue mwengine.

Jaribu mara moja nyumbani, uani, na mumeo au kaka yako amesimama pembeni bila kukunyang'anya spana. Hapo ndipo utakapojua kama mpini wa jeki umo au ulibaki bandarini.

Na tairi lililopasuka lipeleke kwa fundi wa pancha kesho yake asubuhi. Naziona gari nyingi zinatembea mwezi mzima na lile jembamba la dharura mbele, na bovu limelala ndani ya buti chini ya mikoba ya sokoni.