Maambukizi Hayasubiri Antibiotiki
Mwandishi anayetaka kila mgonjwa wa homa kali ya ini itokanayo na pombe apewe prednisoloni, dawa ya steroidi inayopunguza kinga, anasema maambukizi yakija yatatibiwa. Hapana. Ini bovu limeshamdhoofishia mgonjwa kinga kabla ya kidonge cha kwanza. Katika utafiti wa STOPAH wa Uingereza, uliochapishwa 2015, maambukizi mazito yaliwapata asilimia 13 ya waliopewa prednisoloni, dhidi ya asilimia 7 ya wasiopewa. Kufikia siku 90, vifo havikutofautiana. Antibiotiki je? Watafiti wa Ufaransa na Ubelgiji walizitoa pamoja na prednisoloni tangu mwanzo. Matokeo ya 2023 hayakuonyesha kwamba ziliokoa maisha zaidi.

Wapo wanaofaidika na prednisoloni, sikatai. Basi pimeni kwanza damu, mkojo na maji ya tumboni kutafuta maambukizi. Siku ya saba pigeni hesabu ya Lille, inayoonyesha kama dawa inamsaidia mgonjwa: ikizidi 0.45, dawa isimamishwe.