Wepesi wa Mfumo si Dawa ya Uzee

Imeenea miongoni mwa wapenzi wa Linux, na hasa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma, itikadi ya kwamba kompyuta mpakato kongwe haihitaji ila mfumo mwepesi kupita yote, na kwamba aliyepata mfumo ulao megabaiti chache zaidi za kumbukumbu ndiye aliyefuzu. Itikadi hii aghalabu humpotezea mtu siku zake kwa kujaribu huu na kuufuta ule, kisha ikamwachia mashine ile ile yenye kujikokota.

Natuipime hoja kwa mizani ya hesabu. Tofauti baina ya antiX, mashuhuri kwa wepesi, na Linux Mint yenye mazingira ya eneo-kazi ya Xfce, zote mbili zikiwa zimewashwa na kutulia, aghalabu haifiki gigabaiti 1. Walakin hakuna awashaye kompyuta ili aitazame ikiwa imetulia. Hufungua kivinjari, na kivinjari ni kile kile katika mifumo yote miwili, nacho kwa kurasa chache za video na barua pepe huimeza akiba yote iliyopatikana kwa taabu.

Na penye diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea hutumia milisekunde 10 au zaidi kuifikia kila sehemu ya data, hali diski ya SSD haina kitu cha kusogea ndani yake, kuhangaikia wepesi wa mfumo ni sawa na nahodha atupaye mikeka baharini ili kulipunguzia jahazi uzito, na ngama imejaa maji.

Fauka ya hayo, wepesi una thamani yake ya kulipwa. Puppy, mfumo mwingine mwepesi, kwa desturi yake humwendesha mtumiaji akiwa na mamlaka yote ya msimamizi, jambo lisilomfaa mwanafunzi atakaye mashine ya kila siku. Na mifumo iliyopunguzwa mno humwachia mwenyewe kazi ya kutafuta printa na mtandao usio na waya.

Sikatai kwamba mashine yenye gigabaiti 1 tu ya kumbukumbu, au yenye prosesa ya biti 32, ambayo mfumo wa Linux wa Debian 13, wa Agosti 2025, hauna tena kisakinishi chake, ina haki ya kutafutiwa antiX. Hiyo ni dharura, wala dharura haifanywi kanuni.

Basi mwenye fedha kidogo na atie SSD kwanza, aongeze kumbukumbu ikiwa nafasi ipo, kisha ndipo achague mfumo wenye kutunzwa kwa miaka, kama Linux Mint 22 iliyoahidiwa masasisho hadi 2029, na ambao jirani yake aujua. Aanzaye kwa kuuliza upi mwepesi zaidi ameanza kwa swali la mwisho.