Pesa ya miti imefika, mvua imekwisha



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na vijana wetu, hapa mtaani kwetu Bujumbura kumeingia tena habari ya ruzuku ndogo kwa vikundi vya vijana na vya akina mama vinavyotaka kufanya kazi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Vijana wameshaanza kuulizana nani ana kompyuta na nani anajua Kifaransa cha kuandikia barua za wakubwa. Tunawaunga mkono. Lakini kabla hawajatia saini popote, tuna neno nao, na tuna neno na wenye pesa pia.

Haja ya kazi hii hatuhitaji kuelezwa na mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 maji yalishuka kutoka milimani yakaingia mitaa ya kaskazini ya mji huu, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, watu kwa maelfu wakahama na magodoro vichwani, na mwaka 2024 maji yakawarudia. Mto Ntahangwa nao kila masika unakula kingo zake, na nyumba zilizokuwa mbali na korongo sasa zimelikaribia. Kwa hiyo mtu akisema tupande mianzi na miti kando ya mto, hatuulizi kwa nini.

Tunachouliza ni lini.

Miaka michache iliyopita kikundi cha vijana wetu kilipata ruzuku kama hizi. Wafadhili wenyewe hatuwataji, maana nia yao ilikuwa njema na vijana walitendewa kwa heshima. Maombi yalipelekwa mwezi wa tisa, wakati mzuri kabisa, kwani mvua zilikuwa zinaanza. Kisha zikaja barua: leteni cheti cha kusajiliwa, leteni akaunti ya benki yenye saini tatu, rekebisheni bajeti, rekebisheni tena. Pesa ilipoingia ilikuwa mwezi wa tano. Kila anayeishi hapa anajua kuwa mwezi wa tano mvua inaaga, na kwamba kuanzia wa sita mpaka wa nane ni jua na vumbi tu.

Bibi mmoja anayekaa karibu na mto aliwakuta vijana wakichimba mashimo akawauliza, "Wajukuu zangu, mvua zinaondoka, mnapanda nini?"

Kiongozi wao akamjibu, "Bibi, pesa imeingia sasa, na ripoti inatakiwa mwezi wa saba."

Walipanda. Picha zikapigwa, ripoti ikaenda kwa wakati, na kwenye karatasi mradi ukahesabiwa umefaulu. Mvua ziliporudi tukapita ukingoni tukihesabu miche iliyosalia, hatukufika mia moja, na walikuwa wamepanda maelfu. Fulana za mradi, tuseme ukweli, bado zinavaliwa mpaka leo.

Hatusemi haya kuwacheka vijana. Jambo lililotuumiza zaidi ni kwamba wale vijana walijua. Walijua miche itakufa, wakapanda, kwa sababu kurudisha pesa ni aibu na kuchelewesha ripoti ni kufungiwa mlango. Kijana wa miaka ishirini akifundishwa mapema hivyo kwamba karatasi ndiyo kazi, atakuja kuendesha ofisi ya namna gani?

Wenye ruzuku watatuambia kwamba pesa ya watu lazima iwe na hesabu. Kweli, nasi tunaiita amana. Lakini hesabu inahesabu nini? Ripoti yetu ilihesabu miche iliyotiwa ardhini. Hakuna aliyeuliza ni mingapi iliyo hai. Katika bajeti kulikuwa na fungu la miche, la majembe, la usafiri na la siku ya uzinduzi, wala hapakuwa na faranga moja ya mtu wa kumwagilia maji miezi mitatu ya kiangazi au ya kufukuza mbuzi. Na mbuzi wa mtaa huu hawasomi mabango.

Sisi Waislamu si wageni katika jambo hili. Aliyesoma hukumu za wakfu anajua kwamba pato la nyumba ya wakfu huanza kwenye matengenezo ya nyumba yenyewe kabla ya kugawiwa anayestahiki, kwa sababu nyumba ikianguka hakuna tena cha kugawa. Mti uliopandwa kwa ajili ya watu ni vivyo hivyo. Kitangulie cha kuutunza.

Wala si kwamba jambo hili haliwezekani. Tazameni Gazi, kule Kwale kwenye pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza msitu wa mikoko wa hekta 117 katika mradi waliouita Mikoko Pamoja, na mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wao huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wao, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na pesa inayopatikana imeingia katika maji ya kijiji na vitabu vya shule. Si pesa nyingi sana. Lakini inakuja mwaka hadi mwaka kwa sharti kwamba msitu uonekane bado upo. Mikoko ikifa, pesa nayo inakufa, na kwa hiyo kila mama mwenye mtoto shuleni anakuwa mlinzi.

Hata katika ruzuku zenyewe nafasi ipo. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza mwaka 1992 na umefika katika nchi zaidi ya 120. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha ruzuku yake kilikuwa dola 50,000. Mpango huo umekubali maombi ya vikundi kwa lugha zao wenyewe na hata kwa picha za video, ili wasiojua kuandika wasiachwe nyuma. Kwa nini basi akina mama wa Buyenzi, wanaosema Kiswahili na Kirundi usiku na mchana, wamtafute mwanafunzi wa chuo awaandikie Kifaransa wasichoweza hata kukisoma wakahakikisha kilichoahidiwa kwa jina lao?

Tunawaomba wafadhili mambo mawili tu. Pesa ya kupanda ifike kabla ya mwezi wa kumi, na kama imechelewa, kikundi kiruhusiwe kuiweka mpaka mvua nyingine bila kuonekana kimeshindwa. Na fungu la mwisho lilipwe baada ya kiangazi, kwa miti iliyo hai, pamoja na ujira wa aliyeimwagilia.

Na sisi wazee? Hapa inabidi tujisute kidogo. Katika ruzuku ile tulikaa vikao vingi kuliko siku za kupanda, na kila kikao kilikuwa na posho ya nauli, hata kwa sisi tuliokuja kwa miguu kutoka nyumba ya tatu. Tulizipokea. Mweka hazina alikuwa binti mdogo, mwenye daftari safi, na alipouliza kama posho hizo zimo katika bajeti tulimwambia asiwakosee adabu wakubwa. Binti yule alikuwa na haki. Tumemwendea na kumwambia hivyo, naye amekubali kushika daftari tena, kwa sharti kwamba safari hii hakuna nauli kwa mtu anayekaa mtaani.

Fomu za safari hii zinajazwa baada ya sala ya Isha siku ya Jumatano. Tumekubaliana na vijana waandike wazi kwamba kupanda ni mwezi wa kumi na moja, na kwamba pesa ikija nje ya wakati itabaki benki. Huenda tukakosa ruzuku kwa neno hilo. Yule bibi wa karibu na mto ameshatoa uwanja wake kwa kitalu na ameahidi kuiangalia miche mwenyewe, mradi asiletewe mche hata mmoja mwezi wa tano.

Wassalaam alaykum.