Mtoto Aliyeng'atwa na Mbwa Asinyamaze



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juma hili tunataka kuzungumza na mama zetu, dada zetu na walezi wote juu ya jambo ambalo tumechelewa kulisema: kichaa cha mbwa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa usiku katika nyumba moja ili tumsomee mtoto. Tuliambiwa ameingiwa na shetani: halali, anaweweseka, na akiletewa maji anashtuka, koo linamkaza. Tukasoma. Katikati ya kisomo nyanya yake akaliona kovu dogo mguuni, akauliza limetoka wapi. Ndugu yake mdogo ndiye aliyefichua siri. Kiasi cha miezi miwili nyuma, wakitoka chuoni, mbwa alimng'ata kaka yake. Mtoto yule hakumwambia mtu. Alikwenda mferejini akaosha mguu mara saba, mojawapo kwa mchanga, kama tulivyomfundisha. Akafua kanzu yake, kisha akaja kuswali Magharibi pamoja nasi. Alichelea kugombezwa kwamba amejinajisi. Alipelekwa hospitali usiku ule ule, lakini wakati ulikuwa umekwisha pita. Allah amrehemu na awape subira wazazi wake.

Tangu siku ile tumejiuliza tulimfundisha nini mtoto yule. Tulimfundisha twahara, na hilo ni wajibu. Hatukumfundisha kwamba mbwa akikung'ata, mwambie mama. Upungufu huo ulikuwa wetu sisi walimu, na ndio sababu ya makala haya.

Maradhi haya huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kung'atwa, kwa kuparwa na kucha, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine huwa wiki chache, pengine hukaribia mwaka. Katika kukawia huko mna rehema kubwa, kwani chanjo ikiwahi hukata njia. Dalili zikishadhihiri, takriban hakuna anayepona.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa maradhi haya, wengi wao Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Hata hivyo paka naye huweza kuambukiza, na sisi wa pwani paka wamejaa vichochoroni na barazani mwetu.

Basi mtu aking'atwa afanye nini? Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 zisizopungua. Kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama alama ni ndogo, akaanze sindano za chanjo. Sindano hizo hurudiwa kwa siku zilizopangwa. Asiziache katikati kwa kuwa anajiona mzima. Jeraha likiwa la kina, au mate yakiwa yameingia machoni au mdomoni, huhitajika pia dawa ya kingamwili.

Hapa mama zetu hutuuliza masuali matatu. La kwanza ni udongo. Kuosha mara saba pamoja na udongo ni hukumu ya twahara, nayo haikuwekwa iwe tiba ya jeraha. Udongo usitiwe ndani ya kidonda, wala pilipili, mafuta au majani. Sabuni na maji ndiyo ya kwanza. Sheria yetu haikumtaka mtu ajidhuru, na mwenye udhuru ana ruhusa yake.

La pili ni saumu. Sindano ya chanjo haifunguzi, kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama zetu, kwani si chakula wala si badala ya chakula. Asingoje Magharibi aliyeng'atwa asubuhi ya Ramadhani.

La tatu ni kombe na kisomo. Dua ni silaha ya Muumini, na Mtume (s.a.w.) alituamrisha pia tutafute dawa. Kwa hivyo mwende hospitali kwanza, na dua muisome njiani. Mkitujia sisi kabla ya daktari, tutawarudisha.

Ama mbwa, sheria imeruhusu kufuga wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwindia. Anayefuga amchanje kila mwaka, na mwenye paka vivyo hivyo. Maafisa wa mifugo wa kaunti ndio wa kuwauliza. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukatika mtaani. Serikali yetu ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuyatokomeza ifikapo 2030, nao hautafaulu ikiwa sisi Waislamu tutasema mambo ya mbwa hayatuhusu. Mbwa mgonjwa hachagui nyumba.

Wala tusiwaachie watoto wawapige mawe mbwa wa mtaani. Tumepokea katika hadithi sahihi kwamba mja alisamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wafundisheni wasimguse mbwa wasiyemjua, wasimsumbue anayekula au anayenyonyesha, wala wasimkimbie, bali wasimame watulie.

Zaidi ya yote, usiku huu kabla hawajalala, waambieni wanenu neno hili: ukiumwa au ukiparwa na mnyama yeyote, njoo uniambie, sitakugombeza. Kanzu iliyonajisika hufuliwa ikatwaharika.

Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe tulichokisahau kukifundisha. Amin.